Wapitiaji wa Ramani

Shule zikifungwa Desemba, wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, Tanzania, huingia msimu wa ukeketaji ambao wasichana wengi hutamani usifike. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, lakini sheria haiendeshi gari. Simu ikipigwa usiku kwamba kuna binti amekimbia kwao, polisi na watu wa Nyumba Salama ya Mugumu, inayosimamiwa na shirika la Rhobi Samwelly, wanahitaji kujua kitongoji kiko wapi na kunafikikaje. Janet Chapman alipoanzisha Crowd2Map, mradi wa kuchora ramani za vijiji, mwaka 2015, sehemu kubwa ya vijiji hivyo ilikuwa weupe mtupu kwenye ramani.

Weupe huo umejazwa kwenye OpenStreetMap, ramani huria iliyozaliwa Uingereza mwaka 2004, ambayo yeyote anaruhusiwa kuihariri. Wanaochora wengi hawajawahi kukanyaga Mara. Hufungua picha ya setilaiti wakiwa kwao na kufuata paa moja baada ya jingine. Wanasifiwa sana, na wanastahili. Mimi namsifu anayekuja nyuma yao: mhakiki.

Eneo hukatwa vipande vidogo, na kila kipande kikishachorwa sharti mtu mwingine akipitie. Hebu tumtazame akiwa kazini. Msonge wa nyasi ukiutazama kutoka angani ni duara tu. Mti uliotanda nao ni duara. Mchoraji mgeni amevichora vyote kuwa nyumba. Mhakiki anasogeza picha karibu: kivuli kimeangukia wapi? Kuna uwanja uliofagiwa? Kuna njia inayofika mlangoni, zizi pembeni? Nyumba ya bati iliyochorwa pembe zikapinda haimsumbui. Herufi Q kwenye kibodi huzinyoosha, na O huuviringisha msonge uliochorwa kama kiazi. Kinachomkunja uso ni mapito ya ng'ombe ya kwenda mtoni yaliyopewa hadhi ya barabara. Usiku, dereva ataiamini ramani.

Sasa afanye nini? Anaweza kufuta kimya kimya na kurekebisha mwenyewe. Ataokoa dakika chache, na kesho mgeni yule yule atarudia kosa lile lile kwenye kipande kingine, au hatarudi kabisa kwa kuona kazi yake imetoweka. Mhakiki anayeijua kazi humrudishia kipande pamoja na maelezo: misonge ya kaskazini umeipata vizuri, hii mitatu ni miti, angalia haina uwanja, njia hii ni ya mifugo, ibadilishe. Anataja kosa mahali lilipo, kisha anamwachia mwenyewe alisahihishe. Upole huo si wa kupitisha kila kitu, maana mhakiki anayepitisha chochote ni hatari kuliko mkali.

Ukali nao una watetezi wake katika ulimwengu wa programu huria, ambako nako kazi ya mtu hupitiwa na mwingine. Linus Torvalds, aliyeanzisha programu ya Linux mwaka 1991, alijulikana kwa barua pepe za kuwachana watu waliomletea kazi isiyomridhisha. Septemba 2018 aliomba radhi hadharani, akapumzika kwa muda. Linux ilikuwa imekua licha ya barua zile. Sikubali kwamba ilikua kwa sababu ya barua hizo.

Kuna jambo moja ambalo mhakiki, hata awe mzoefu vipi, hana uwezo nalo: majina. Setilaiti haioni jina. La kitongoji, la kijito, la zahanati hutoka kwa mkazi mwenye simu yake, na hapo mzoefu wa Ulaya ndiye anayegeuka mgeni. Mkazi huyo anaweza kukosea herufi kubwa, au akaweka nukta upande wa pili wa barabara, hayo yanarekebishika. Lakini jina lake likitofautiana na lililo kwenye orodha fulani ya zamani, wapo wahakiki wanaokimbilia orodha. Hawafanyi vyema, kwani anayeomba msaada hutaja jina linalotumika kijijini. Mhakiki makini huandika, "Wenyewe mnapaitaje?" na kusubiri. Jibu likichelewa, anapaacha vilevile, anafungua kipande kingine.