Dakika Nzima

Waliomjua mama yangu husifu moyo wake. Husema alikuwa mpole, hakubagua kati ya mke wa mkubwa na mtoto wa mchuuzi wa senene, na hakumnunia mtu hata mwisho wa zamu ya usiku. Ni kweli tupu. Lakini wema peke yake hauzuii damu kumwagika. Miaka yote aliyovaa gauni jeupe katika hospitali moja ya wilaya mkoani Kagera, watu walipona kwa kazi aliyofundishwa, akaishika, akainoa mpaka ikawa kali. Kazi hiyo ndiyo ninayotaka kuisifu.

Kwanza kabisa, mama alikuwa mtu wa kuhesabu. Saa yake hakuivaa mkononi, maana mikono ya muuguzi haiachi kuoshwa. Ilikaa kifuani kwa pini, uso umepinduliwa, ili akiinamisha macho tu aone mshale wa sekunde. Kwa saa hiyo alipanga dripu. Mpira wa kawaida hudondosha matone 20 kwa mililita moja, kwa hiyo chupa ya mililita 500 ikitakiwa kwisha kwa saa 4, lazima yadondoke matone kama 42 kila dakika. Hapakuwa na mashine ya kulisimamia hilo. Palikuwa na kigurudumu cha plastiki, kidole gumba cha mama, na hesabu aliyoipiga kichwani huku akimuuliza mgonjwa habari za nyumbani kwake.

Leba ndiko ufundi wake ulikong'aa. Alikuwa na fetoskopu, kile kipembe cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni, alichokibuni Mfaransa Adolphe Pinard mwishoni mwa karne ya 19. Hakina waya wala betri. Kabla ya kukiweka, mkunga hupapasa tumbo kwa viganja vyenye joto mpaka ajue mgongo wa mtoto umelala upande gani, kwani upande huo ndiko mapigo husikika vizuri. Kisha hutega sikio na kukiachia kipembe. Vidole vikikishika huleta mkwaruzo wao. Mapigo 110 hadi 160 kwa dakika ni ya kutuliza moyo. Yakizidi au yakipungua, mkunga anayejua kazi hangoji.

Na aliyoyasikia aliyaandika. Kila nusu saa nukta iliingia kwenye patografu, chati iliyotokana na kazi ya watafiti Philpott na Castle, waliyoichapisha mwaka 1972 baada ya kuitumia Salisbury, mji unaoitwa Harare leo. Naiheshimu sana karatasi hiyo. Ina mistari miwili ya mshazari, wa tahadhari na wa kuchukua hatua, na baina yake kuna saa 4. Mlango wa kizazi ukifunguka polepole kuliko sentimita moja kwa saa, nukta huanza kuvuka mstari wa kwanza, na hapo mzazi bado ana muda wa kufikishwa kwenye upasuaji. Saa hizo ziliwekwa kwa ajili ya watu walio mbali na hospitali kubwa. Anayeijua barabara ya matope ya Kagera wakati wa masika anajua thamani yake: mkunga asipoweka nukta, saa hizo hupita bila mtu kujua kuwa zilikuwepo.

Kisha ukaja ugonjwa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walikuwa wa Kagera, mwaka 1983. Wengine waliuita Juliana, kwa jina la nguo iliyokuwa ikivushwa kutoka Uganda. Dawa za kufubaza virusi hazikuanza kutolewa bure katika hospitali za umma hadi 2004. Kati ya miaka hiyo miwili kuna kizazi kizima kilichougua bila dawa. Daktari alipita asubuhi, akaandika alichoweza, akaenda kitanda kingine. Wauguzi walibaki.

Hapo ndipo nilipomwelewa mama. Alikuwa akimgeuza mgonjwa kila baada ya saa 2, kushoto, chali, kulia, ili mifupa isitoboe ngozi na kuleta vidonda vya kulalia. Alisafisha kinywa chenye utando mweupe kwa maji ya chumvi na kitambaa laini, kwa kuwa mtu mwenye kinywa kinachouma hali hata apikiwe nini. Alimwogesha kitandani akianza na macho, kutoka puani kwenda nje, bila sabuni. Akafunua kiungo kimoja, akakiosha, akakikausha, akakifunika, ndipo akafunua kingine. Mgonjwa hakulala uchi hata kwa dakika. Shuka alilibadilisha mgonjwa akiwa juu yake, nusu kwa nusu. Na haya yote aliyafanya katika miaka ambayo sabuni ilikuwa ya kutafutwa kwa foleni, na glavu zilifuliwa, zikajazwa hewa kutafutwa matundu, zikapakwa poda, zikatakaswa kwa mvuke, zikavaliwa tena. Wako watu waliofia mikononi mwake wakiwa safi, wameshiba uji, wameitwa kwa majina yao. Mimi naihesabu hiyo kuwa tiba, na sitaki mtu aniambie vinginevyo.

Nyumbani alikuwa mama wa ndizi na samaki, mkali wa madaftari, mwenye usingizi mzito mchana baada ya zamu. Tukiharisha, alichemsha lita moja ya maji, akaweka vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, kila kimoja kimesawazishwa kwa kisu. Kabla hatujanywa alionja yeye: yakiwa na chumvi kuliko machozi, aliyamwaga akaanza upya, hata kama sukari yenyewe ilikuwa ya mwisho.

Muuguzi mmoja aliyefundishwa na mama, sasa msimamizi wa wodi ya watoto, alinisimulia siku yake ya kwanza kliniki. Aliletewa mtoto wa miezi minane anayekohoa. Kwa umri huo, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni dalili ya nimonia. Foleni ilikuwa imefika nje, naye akahesabu robo dakika akazidisha kwa nne. Mama alikuwa nyuma yake.

“Rudia, mwanangu. Dakika nzima.”

Alimweleza kuwa mtoto mdogo hupumua mbiombio, akasita, akaanza tena. Robo dakika inaweza kuangukia kwenye kule kusita. Kisha akamfundisha kungoja mtoto atulie, amalize kunyonya, nguo ipandishwe kifua kionekane. Wakahesabu pamoja. Zilikuwa 54, na mtoto akaanzishiwa dawa asubuhi ileile.

Sasa wanafunzi wa muuguzi huyo nao humlalamikia kwamba foleni ni ndefu. Huwasikiliza mpaka wamalize, kisha huwarudisha kwa mtoto wakahesabu tena.