Maandalizi ya Moduli Kabla ya Wakati Wake

Mwaka 2009 Zend Framework, fremuweki mashuhuri ya lugha ya PHP, ilipotoa toleo la 1.8, ilileta Zend_Application, na pamoja nayo desturi ya kila moduli kuwa na klasi yake ya maandalizi iitwayo Bootstrap, ambamo kila fanksheni ambayo jina lake huanza kwa _init hutekelezwa bila ya kuitwa. Aliyeiona Blog_Bootstrap kando ya Admin_Bootstrap alidhani, na dhana yake ilikuwa na hoja, kwamba ya pili itakaa kimya mpaka msimamizi abishe hodi. Sivyo ilivyokuwa.

Sababu imo katika mfuatano wa mambo. Mstari wa resources.modules uwekwapo katika faili la usanidi, application.ini, programu hupitia moduli zote zilizosajiliwa, huitafuta Bootstrap ya kila moja na kuiendesha, na hayo yote hutimia kabla anwani iliyoombwa haijaelekezwa popote. Na madhali katika saa ile moduli inayotakiwa haijajulikana, huandaliwa zote, mithili ya mwenye nyumba awashaye taa za vyumba vyote kwa kuwa hajui mgeni atalala wapi.

Hasara ya kuipunguzia programu kasi ni ndogo. Kubwa ni ile ya moduli kuingiliana: Admin_Bootstrap ikibadilisha leiauti, msomaji wa blogu naye huletewa kurasa zenye sura ya ofisi ya msimamizi, na moduli mbili zikiigombea leiauti hiyo, iliyoendeshwa mwisho ndiyo hushinda katika kila ukurasa.

Dawa iliyo sahihi ni kungojea. Bootstrap ya moduli isajili plagini tu kwa kidhibiti cha mbele, na plagini hiyo iulize swali moja:

$request->getModuleName() === 'admin'

Jibu likiwa ndiyo, maandalizi yaanze. Likiwa la, plagini irudi pasipo kugusa kitu. Baadhi huliweka swali hili katika fanksheni ya plagini iitwayo routeShutdown, kwa kuwa hapo ndipo njia ijulikanapo mara ya kwanza. Mimi naona preDispatch ni bora, kwani kidhibiti chaweza kulihamisha ombi kwa _forward hata likaangukia moduli nyingine, na routeShutdown, ambayo hupita mara moja tu, haitapata habari ya uhamisho huo, ilhali preDispatch huitwa kabla ya kila tendo. Walakini, kwa kuwa yaweza kuitwa zaidi ya mara moja, ni wajibu wa mwandishi kuyalinda maandalizi yasirudiwe.

Toleo la 2, la mwaka 2012, liliyapanga mambo haya kwa matukio, lakini onBootstrap ya kila moduli bado huitwa kwa kila ombi, nayo hutangulia uelekezaji. Faida yake ni kwamba humo moduli yaweza kumsajili msikilizaji wa tukio la dispatch kwa jina la Admin, naye ataamshwa na vidhibiti vya Admin peke yake, maana kila kidhibiti kinachorithi AbstractController hujitambulisha kwa sehemu ya kwanza ya jina la klasi yake. Akipewa kipaumbele cha 100, hutangulia tendo la kidhibiti, ambalo kipaumbele chake ni 1. Lakini anayeziita moduli zake Duka\Admin na Duka\Blog atazikuta zote mbili zinajitambulisha kwa Duka, na ule mchanganyiko wa zamani humrudia. Huyo aweza kumsajili msikilizaji kwa jina kamili la kila kidhibiti kinachohusika.