Shuku na Siku ya Mzee katika Le Père ya Florian Zeller

Kumsoma André, mhusika mkuu wa tamthilia ya Florian Zeller, Le Père (2012), kama mzee msahaulifu tu ni kupuuza kinachoivuruga siku yake. Usahaulifu humfanya asikumbuke alipoificha saa yake; shuku ndiyo inayoigeuza saa hiyo kuwa mali iliyoibwa, na mhudumu wake kuwa mwizi. Mhudumu anapotishwa akaondoka, André hupoteza msaada ambao ungefidia kumbukumbu inayofifia, na mzigo humwangukia bintiye, Anne. Kwa hiyo shuku si kiambatisho cha maradhi: ndiyo inayomfungia mzee mlango wa kutunzwa.

Fani inauunga mkono usomaji huu. Samani hupungua jukwaani onyesho baada ya onyesho, na Anne huweza kuingia akiwa na sura ya mwigizaji mwingine. Hadhira, yenye akili timamu, nayo huanza kushuku. Tuhuma za André basi si upuuzi, bali ni jitihada ya kuieleza dunia inayobadilika bila kumwarifu. Hata hivyo, kwa kuwa twaona kwa macho yake, jasho la Anne hubaki pembezoni; huo ndio upungufu wa tamthilia.

Kwa uhakiki wa Kiswahili, suala ni la istilahi pia. Jina "ugonjwa wa kusahau" huhesabu kilichopotea kichwani, likaficha shuku, fadhaa na unyong'onyevu, ambavyo huamua iwapo mzee ataoga, atakula na atakubali kushikwa mkono.