Projekta Mchana wa Garissa: Mwanga Unapotelea Wapi?

Kambi za Dadaab, kaunti ya Garissa, zimeijua projekta katika hali mbili zisizofanana hata kidogo. Kuna sinema ya usiku: FilmAid, shirika lililoanza mwaka 1999 kwa kuwaonyesha filamu wakimbizi wa Kosovo, lilileta maonyesho ya uwanjani Kakuma na Dadaab. Kuna pia darasa la mchana: mradi wa Instant Network Schools, ulioanzishwa mwaka 2013 na Vodafone Foundation pamoja na UNHCR, una sanduku la kilo 52 lenye tableti 25, laptopu, spika na projekta. Nje ya kambi, shule za msingi za serikali nazo ziligawiwa projekta katika mpango wa kidijitali ulioanza kutekelezwa mwaka 2016.

Usiku picha hung'aa hata kwa aliyekaa nyuma kabisa. Mchana, darasani, mtoto wa safu ya tatu anakodoa macho. Lawama huangukia projekta, na dawa inayopendekezwa ni kununua yenye lumeni, yaani kipimo cha mwanga unaotoka, nyingi zaidi. Hesabu inasema vingine.

Tuanze ndani ya mashine. Projekta ya LCD huwa na vipande vitatu vya LCD, vijiskrini vinavyopitisha au kuzuia mwanga, kila kimoja upana wa sentimita moja na kitu. Vioo maalumu huugawa mwanga mweupe wa taa kuwa mwekundu, wa kijani na wa buluu. Kila rangi hupita katika kipande chake, kisha prizimu huziunganisha kabla ya kufika kwenye lenzi. Tatizo ni kwamba LCD hufanya kazi na mwanga unaotetemeka upande mmoja tu, ilhali mwanga wa taa hutetemeka pande zote. Bila ujanja, nusu yake ingeishia kuwa joto. Kwa hiyo watengenezaji huweka safu ya viprizimu inayoigeuza miale ya upande usiotakiwa ili nayo ipite. Hata hivyo, nyaya zilizo katikati ya nukta za picha huzuia kiasi fulani, vichujio vya mwanga hula sehemu yao, na lenzi yake. Taa ya wati 200 huzaa lumeni 12,000 hivi; zinazotoka nje ni kama 3,000.

Hizo 3,000 sasa zipige ukutani, picha ya mita 2 kwa 1.5. Ni mita tatu za mraba, kwa hiyo kila mita ya mraba inapata lumeni 1,000, yaani laksi 1,000. Tuseme mwanga wa madirishani unaongeza laksi 500 juu ya ukuta huohuo, jambo la kawaida kabisa pale nje jua linapotoa laksi 100,000. Sehemu nyeupe ya picha inakuwa na laksi 1,500. Sehemu nyeusi je? Projekta haiwezi kurusha giza. Nyeusi yake ni ukuta ulivyo, laksi 500. Nyeupe inaizidi nyeusi mara tatu tu, na maandishi yanafifia.

Nunua projekta ya lumeni 6,000, kwa gharama yote hiyo, na uwiano unapanda hadi mara tano. Rudi kwenye ile ya 3,000, uzuie mwanga wa dirisha ubaki laksi 50, na uwiano unakuwa mara 21. Au usizuie chochote, punguza tu picha iwe mita 1.2 kwa 0.9: unapata zaidi ya mara sita, bila kutoa hata shilingi.

Ndiyo maana sinema ya uwanjani ilifaulu. Garissa iko karibu kabisa na ikweta. Jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na utusitusi hauchukui muda. Turubai la mita 6 kwa 4 likipata lumeni 3,000 lina laksi 125 tu, lakini mbalamwezi kamili haileti hata laksi moja. Hapo kasoro halisi ya LCD ndiyo hujitokeza: vipande vyake haviwezi kuziba mwanga wote, kwa hiyo usiku wa kwenye filamu huonekana wa kijivu. Darasani kasoro hiyo haina uzito, maana dirisha linavujisha mwanga mwingi kuliko LCD yoyote. Ile namba kubwa ya uwiano wa weupe na weusi iliyochapwa kwenye kasha mwalimu wa mchana aipuuze tu.

Asichopaswa kupuuza ni rangi. Mshindani wa LCD ni DLP, teknolojia ya vioo vidogo iliyobuniwa na Larry Hornbeck wa Texas Instruments mwaka 1987. Mashine nyingi za bei nafuu za aina hiyo zina gurudumu la rangi lenye sehemu nyeupe iliyoongezwa, ambayo hukuza lumeni za kwenye kasha huku nyekundu na kijani vikibaki hafifu. Kwa ramani ya jiografia, LCD inashinda.

Vumbi ndilo linaloiangusha. Feni hupuliza hewa moja kwa moja juu ya vipande vya LCD ili kuvipooza, na hewa ya Dadaab inakuja na mchanga wake. Chembe ikitua, unaona doa la ukungu lenye rangi, na rangi hiyo hukuelekeza kwenye kipande kilichochafuka. Chujio la hewa likiziba, joto linapanda. Vijitabu vingi huweka kikomo cha nyuzi 35 au 40, na Garissa mchana mara nyingi hufika nyuzi 35. Vichujio vya mwanga vya upande wa buluu ndivyo huchoka mapema, na picha inaanza kuwa na mabaka ya manjano. Kuzima jenereta ghafla taa ikiwa bado moto ni kuiua polepole, kwa sababu feni inasimama nayo.

Kufunga madirisha yote katika joto hilo ni kuwatesa watoto. Basi weka kivuli nje ya madirisha, upepo upite. Picha ipigwe kwenye ukuta usiopigwa na mwanga wa moja kwa moja, iwe ndogo, na chujio la hewa lisafishwe kila wiki. Shule ambayo haijafanya hayo haina sababu ya kuomba projekta mpya.