Spea Tairi Hii Ilitoka Gari Gani?

Tairi likikutwa nyuma ya gereji ya Mwanakwerekwe, Unguja, na haijulikani limetoka gari gani, watu husoma kwanza maandishi ya ubavuni. Yakisema 225/65R17, hukumu hutoka papo hapo: hili la RAV4. Hukumu hiyo huenda ikawa sahihi, lakini imesimama juu ya ushahidi dhaifu kuliko wote. Namba hizo zinasema kwamba tairi lina upana wa milimita 225, kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, na rimu yake ni ya inchi 17. Basi. Mpira huvuliwa ukavishwa rimu nyingine kwa muda mfupi, na mwenye gari hununua saizi aliyoikuta dukani, si lazima ile iliyotoka kiwandani. Anayetaka kujua spea tairi ilitoka gari gani aanze na chuma. Kwenye mpira arudi mwishoni, tena kwa swali moja tu, nalo ni tarehe.

Kwenye chuma, ushahidi wa kwanza ni duara linalopita katikati ya matundu ya nati. Rimu ya matundu manne au sita haina taabu: unapima kutoka kitovu cha tundu hadi kitovu cha tundu linalolikabili. Yenye matundu matano ndiyo inayowapoteza wengi, maana hakuna tundu linalokabiliana na jingine, na anayepima kwa kukisia hupata jibu la uongo. Njia ya uhakika ni kupima kati ya matundu mawili jirani, ukingo wa kushoto wa moja hadi ukingo wa kushoto wa jingine, kisha kuzidisha kwa 1.7. Ukipata milimita 59, duara ni 100. Ukipata 67, ni 114.3, ukipata 82, ni 139.7, na 88 ni 150. Atasema mtu kwamba futi ya fundi haiwezi kusoma sehemu ya kumi ya milimita. Haihitajiki kusoma hivyo. Viwanda vya Japani, ambako zimetoka gari nyingi za Unguja, kwa kawaida hutumia maduara haya machache, na yamepishana kwa zaidi ya sentimita moja. Hiyo 114.3 ni inchi nne na nusu, na 139.7 ni inchi tano na nusu. Ukikosea milimita moja, bado utaangukia kwenye duara lile lile. Kwa kipimo hiki peke yake, matundu sita ya 139.7 yanakupeleka kwenye gari kama Hiace au Prado, na matano ya 150 kwenye Land Cruiser kubwa za 100 na 200.

Lakini duara linataja ukoo tu, halimtaji mtu. Matundu manne ya 100 wanayo Vitz, IST za mwanzo na Honda Fit pia. Hapo ndipo tundu la katikati linapoamua, lile linalokaa juu ya habu: kwa Toyota hizo ndogo ni milimita 54.1, kwa Honda 56.1. Tofauti ya milimita mbili inaonekana ndogo, ila ina matokeo ya ajabu. Rimu ya Vitz haiingii kabisa kwenye Fit, wakati ya Fit inaingia kwenye Vitz bila kulalamika, halafu inacheza kwa milimita moja kila upande. Nati zinakazwa, gari linaondoka, na usukani unaanza kutetemeka njiani kuelekea Paje. Kwa hiyo kauli ya “imeingia, basi ni yake” haina thamani ya ushahidi. Kwenye matundu matano ya 114.3 hali ni hiyo hiyo: Toyota 60.1, Honda CR-V 64.1, Nissan 66.1, Mazda na Mitsubishi 67.1.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwenye gari za kukodisha watalii, ambako RAV4 na Suzuki Escudo zimejaa, na zote mbili zimezoea kubeba spea mlangoni nyuma. Escudo za kabla ya 2005 ni rahisi, kwa kuwa duara lake ni 139.7. Za kuanzia 2005 zilihamia 114.3, na tundu lake la katikati ni 60.1, sawasawa na RAV4. Hata saizi ya tairi yaweza kuwa ile ile 225/65R17. Vipimo vyote nilivyovisifu vinanyamaza hapa. Kinachobaki, rimu ikiwa ya spoti ya kiwandani, ni kuchungulia mahali nati inapokalia. Suzuki hutumia nati yenye kichwa chenye umbo la pia, na tundu lake limechongwa mteremko kama faneli. Toyota, kwa rimu za spoti za RAV4 za miaka hiyo, ilitumia nati yenye shina na washa bapa, na tundu lake ni bomba lililonyooka lenye ukingo tambarare. Kidole kinatosha kuhisi tofauti. Rimu ya chuma cha kawaida haitoi msaada huo, kwani zote zina mteremko, na aliyeishika aseme tu kwamba ni ya mojawapo kati ya hizo mbili.

Kuna pia rimu za spoti za kununua, zilizotobolewa katikati kwa upana ili ziingie gari nyingi kwa pete ya plastiki. Hizo hazina gari la asili, na kuzitafutia ni kazi bure. Kuhusu chapa zilizogongwa mgongoni mwa rimu, mwenye bahati azisome. Chumvi ya bahari yetu huzila mapema, ndiyo maana nimetegemea vipimo.

Sasa tarehe. Tarakimu nne za mwisho kwenye namba nyingine ndefu ya ubavuni, si ile ya saizi, ni wiki na mwaka: 2306 ni wiki ya 23 ya 2006. Kwa tairi lililotembea, tarehe hiyo haithibitishi lolote, kwa sababu matairi hubadilishwa. Kwa spea ambayo haijawahi kushuka, yenye vinyweleo vya mpira vya kiwandani bado vimesimama, inathibitisha mengi: kati ya Escudo mbili zilizokaa uwanja mmoja, yake ni ile iliyoundwa muda mfupi baada ya wiki hiyo, na lebo iliyoshonwa chini ya mkanda wa kiti mara nyingi hutoa mwaka wa kulinganisha. Namba hiyo hiyo inasema pia kwamba mpira una miaka mingi, na mpira huzeeka hata usipotembea. Spea hiyo imepata gari lake, ila kwenda nayo Nungwi haifai tena.