Pikipiki ya Kwanza Ipimwe kwa Breki

Anayenunua pikipiki kwa mara ya kwanza huwa na maswali matatu dukani: bei gani, cc ngapi, inakula mafuta kiasi gani. Swali ambalo lingestahili kutangulia yote hayo halisikiki sana: hii pikipiki itasimamaje? Uzito wa swali hilo ulionekana wazi katika uchunguzi mmoja wa Marekani ambao, ingawa ni wa zamani, bado una la kumwambia kijana anayejifunza leo Mbagala au Kisumu.

Uchunguzi huo uliongozwa na Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California, na ripoti yake ilitoka mwaka 1981. Timu yake haikuridhika na majalada ya polisi, ingawa ilipitia 3,600. Ilifika yenyewe kwenye ajali zaidi ya 900 katika eneo la Los Angeles. Wachunguzi walipima alama za matairi barabarani, wakakagua pikipiki na kofia zilizogongwa, wakawahoji waliohusika. Kisha wakarudi kwenye sehemu zilezile, siku na saa zinazofanana, kuwahoji waendesha pikipiki waliopita hapo salama. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo iliyoupa uchunguzi nguvu, kwa sababu huwezi kujua kilichomponza aliyeanguka mpaka umlinganishe na ambaye hakuanguka.

Takriban robo tatu ya ajali hizo zilikuwa za pikipiki kugongana na chombo kingine, mara nyingi gari dogo. Katika theluthi mbili za migongano hiyo, mwenye kosa alikuwa dereva wa chombo kile kingine, aliyeingia njia isiyo yake. Sura iliyojirudia ni ya gari linalokata kona mbele ya pikipiki inayokuja. Kule wanakoendesha kulia, gari hukata kushoto. Kwetu hatari hiyo iko kwa gari linalokata kulia.

Mwendo nao haukuwa wa mashindano. Nusu ya waendeshaji hawakuzidi kilomita 48 kwa saa kabla ya hatari kujitokeza, na kwa kawaida muda wa kujiokoa haukufika sekunde mbili. Ndani ya muda huo wengi walifanya kosa lilelile: walikanyaga breki ya nyuma kwa nguvu hadi gurudumu likajifunga na kuserereka, huku ya mbele wakiigusa kidogo tu.

Tupige hesabu. Kilomita 48 kwa saa ni mita 13 na ushee kila sekunde. Gari likikukatia njia ukiwa umbali wa sekunde mbili, mbele yako kuna mita 27 hivi. Sekunde ya kwanza inaishia kwenye kushtuka na kupeleka mkono na mguu kwenye breki. Zimebaki mita 13. Kwenye lami kavu, mwenye breki nzima anayezitumia zote mbili ipasavyo anaweza kusimama ndani ya mita 11 hivi. Anayetegemea ya mguu peke yake, akipata nusu ya nguvu hiyo ya kusimama, anahitaji mita 22. Kwa hiyo analivaa gari akiwa bado na kilomita 30 kwa saa.

Tofauti hiyo inatokana na uzito. Ukifunga breki, uzito wa pikipiki na mtu unahamia mbele. Tairi la mbele linakandamizwa barabarani na kushika zaidi, la nyuma linakuwa jepesi na kuanza kuteleza. Wanaosema breki ya mbele inapindua wana ukweli nusu. Inapindua ikinyakuliwa ghafla, usukani ukiwa umekunjwa, au juu ya mchanga na kokoto. Ikibanwa hatua kwa hatua, pikipiki ikiwa imenyooka juu ya lami, ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi. Kwenye barabara ya vumbi dawa ni kupunguza mwendo mapema, kwa maana huko hakuna breki ya kutegemea sana.

Sasa turudi dukani. Pikipiki zilizozoeleka kwa bodaboda, kama Boxer na TVS HLX, zimeundwa kwa ajili ya mzigo na abiria: siti ndefu, keria imara, injini ya silinda moja ambayo fundi yeyote anaifungua. Kwa anayejifunza, injini hiyo haina ubaya. Ulaya, leseni ya ngazi ya kwanza ya A1 inaishia kwenye cc 125 na kilowati 11, tena isizidi kilowati 0.1 kwa kila kilo ya uzito wa pikipiki. Mashine nyingi za bodaboda za cc 100 hadi 150 haziifikishi nguvu hiyo. Linganisha na pikipiki ya mashindano ya cc 600, yenye kilowati zaidi ya 70: mkono ukitetereka kidogo kwenye mafuta, mgeni hana nafasi ya kusahihisha.

Upungufu wa nyingi za bodaboda uko kwenye magurudumu. Breki za dramu zinasimamisha, lakini zinahitaji kukazwa kila mara, waya hulegea, na vumbi au maji yakiingia zinabadilika. Diski mbele humpa mwendeshaji hisia bora ya kiasi anachobana. Bora zaidi ni mfumo unaounganisha breki mbili, ili ukifunga moja na nyingine ifanye kazi, au ABS inayozuia gurudumu kujifunga. BMW iliiweka ABS kwenye pikipiki ya K100 mwaka 1988. Aprili 2019, India ilianza kudai ABS kwa pikipiki zote mpya zinazozidi cc 125, na angalau breki zilizounganishwa kwa zisizozidi hapo. Kwa hiyo teknolojia hii si anasa tena, na mnunuzi aulize kama modeli anayoitaka inayo.

Baada ya breki, pima mwili wako. Kaa kwenye siti: nyayo zote mbili zifike chini. Nyoosha vidole: vifikie breki na klachi bila kuachia mshiko. Kunja usukani hadi mwisho kila upande, kisha isukume pikipiki kinyumenyume. Ikikuelemea imezimwa, itakuelemea zaidi kwenye foleni ukiwa na abiria.

Uchunguzi wa Hurt una jambo moja zaidi la kumzuia mtu asiharakishe. Zaidi ya nusu ya waliopata ajali walikuwa na pikipiki ile kwa chini ya miezi mitano, ingawa uzoefu wao wa barabarani ulikaribia miaka mitatu. Na asilimia 92 walikuwa wamejifundisha wenyewe au kufundishwa na ndugu na marafiki. Ugeni, basi, ni wa barabara na wa chombo pia. Tafuta uwanja wa lami usio na watu, anza na mwendo wa kilomita 20, funga breki zote mbili taratibu huku macho yako mbele, kisha ongeza mwendo siku baada ya siku. Abiria asubiri.

Kofia ngumu haina mjadala. Kwa mujibu wa tafiti zilizokusanywa na kulinganishwa, inapunguza vifo kwa takriban asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Wanaolalamika kwamba inaziba masikio na kupunguza upeo wa macho, Hurt alilichunguza dai hilo na hakuona ushahidi wake.

Bajeti ikikulazimisha kuchagua kati ya cc 150 yenye dramu mbele na cc 125 yenye diski, chukua ya cc 125. Utapitwa kwenye mlima wa Kitonga, na hilo halimuumizi mtu.