Ushahidi, Ubunifu na Mshono Kati Yao: Fani ya Nancy Marie Brown

Nancy Marie Brown, mwandishi Mmarekani, amewaandikia wasomaji wa kawaida vitabu kadhaa kuhusu Aisilandi ya Zama za Kati na visasili vya Skandinavia. Wengi humsifu kwa maudhui. Mimi nadai kwamba hoja zake nzito hukaa kwanza katika muundo, na humo humo ndimo udhaifu wake unamojificha.

Tuanze na Song of the Vikings (2012), wasifu wa Snorri Sturluson. Snorri alizaliwa mwaka 1179, akawa msema-sheria wa bunge la Aisilandi kwa vipindi viwili, akajilimbikizia mashamba na maadui. Ndiye anayehesabiwa kuwa mwandishi wa Edda, na bila kitabu hicho sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu Odin, Thor na Loki ingepotea. Septemba 1241 aliuawa usiku katika chumba cha chini ya nyumba yake huko Reykholt, na watu wa Gissur Thorvaldsson, aliyewahi kuwa mkwewe.

Wasifu wa kawaida ungeyapanga haya kwa miaka, kisha ukayatengea maandishi yake sura moja. Brown anatanguliza kisasili kilichosimuliwa upya, ndipo anaingia katika maisha ya Snorri: ugomvi wa mirathi, ndoa za kimaslahi, safari za Norwe. Hadai kwamba kisasili hiki kimezaliwa na tukio lile. Anaviweka jirani, basi. Lakini msomaji aliyetoka kwa miungu inayodanganyana na kuvunja viapo, kisha akakutana na machifu wa tabia zile zile, huanza mwenyewe kumwona Snorri kama mtunzi, si karani wa mapokeo tu. Hiyo ndiyo hoja kuu ya kitabu, na mpangilio umeshaibeba kabla haijatamkwa.

Mbinu hii ina asili yake kwa Snorri mwenyewe. Ndani ya Edda, visasili vya sehemu ya kwanza vimefungwa katika kisa cha mfalme Gylfi, aliyejificha nyuma ya jina la uongo akaenda kuwahoji wakuu watatu walioketi kwenye viti vya enzi. Yeye huuliza, wao hujibu, na mwishoni ukumbi mzima unatoweka. Kwa kiunzi hicho, Mkristo wa karne ya 13 aliweza kuisimulia miungu ya mababu bila kuikiri. Katika Heimskringla, historia yake ya wafalme wa Norwe, aliweka kanuni ya ushahidi: mashairi yaliyoghaniwa mbele ya mfalme mwenyewe yanaaminika, kwa kuwa hakuna malenga ambaye angethubutu kumsifu kwa matendo ambayo wasikilizaji wote walijua hakuyatenda. Hiyo ingekuwa dhihaka, si sifa. Snorri, basi, alijua kumwonyesha msomaji wapi pana kisa na wapi pana ushahidi. Kwa kipimo hicho tumpime na Brown.

Ivory Vikings (2015) kinahusu kete za sataranji zilizopatikana Lewis, kisiwa cha Uskoti, mwaka 1831, nyingi zikiwa zimechongwa kwa pembe za walrasi, mnyama wa bahari za baridi. Sura zake tano zina majina ya kete: ngome, askofu, malkia, mfalme, farasi. Katika seti hii ngome si mnara, ni askari wa miguu, na baadhi yao wanang'ata ukingo wa ngao, macho yamewatoka. Kuitazama kete moja kwa ukaribu namna hiyo, kisha kuiacha ifungue historia ya bara zima, ni ufundi wa hali ya juu.

Lakini ni katika kitabu hiki hiki mshono unapofichwa. Brown anamtetea Margret, mchongaji aliyefanya kazi Skálholt chini ya askofu Páll Jónsson. Saga ya askofu huyo inamtaja kuwa mchongaji hodari kuliko wote Aisilandi. Haisemi kwamba alichonga kete hizi. Wataalamu wengi huzihusisha na Trondheim, Norwe. Brown analijua hilo na kulijadili kwa uaminifu. Hata hivyo, kichwa kidogo cha kitabu kinamtangaza kuwa ndiye mwanamke aliyezichonga, na mpangilio nadhifu wa sura unaisukuma dhana ifanane na hitimisho. Aya zinasema huenda. Jalada linasema ndiyo.

The Real Valkyrie (2021) kinathubutu zaidi. Kaburi la Bj 581 huko Birka, Uswidi, lilichimbuliwa mwaka 1878 likiwa na silaha na farasi wawili, na kwa zaidi ya karne moja likahesabiwa kuwa la mwanamume. Mwaka 2017 uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kuwa aliyezikwa ni mwanamke. Brown anampa jina la Hervor, anambunia maisha, na kufungua sura kwa tukio la kubuni kabla ya kuleta hoja. Hatari ipo: Hervor aliye hai hukaa akilini kuliko tahadhari zinazomfuata. Lakini ubunifu umewekwa mlangoni, hadharani, na msomaji anajua lini umekoma.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Song of the Vikings ndicho kilichokomaa zaidi kifani, kwa sababu mpangilio wake unauliza bila kumjibia msomaji. The Real Valkyrie kinafuata kwa uwazi wake. Ivory Vikings ndicho chenye mvuto mkubwa na ndicho kinachohitaji msomaji mkali kuliko vyote. Anayetaka kumsoma Brown aanze na wasifu wa Snorri, kisha aisome Edda yenyewe. Akifika kwenye kete za Lewis, akiweke kando kichwa kidogo cha kitabu na kuziamini aya.